Chaki Nyeupe Chini ya Daraja

3 Machi

Shangazi yangu,

Leo salamu zitakuja nyuma kidogo, unisamehe. Kuna sauti imenikaa kichwani tangu Jumanne, na nikianza na habari za nyumbani nitajikuta nimeijaza karatasi bila kuitaja. Ni sauti ya nyundo ndogo ikigonga bolti. Bolti iliyokaza vizuri ikigongwa hulia kali na fupi, kama kijiko kwenye glasi. Hii haikulia. Ilijibu kwa mlio mzito, uliokufa hapohapo, kama mtu aliyegonga gunia la unga.

Basi, shikamoo. Sisi hatujambo. Goti la Mama limetulia tangu aache kupanda ngazi na ndoo. Amenunua redio mpya, na nyumba nzima sasa inaishi ndani ya redio hiyo. Jirani wa juu anasema yeye hana haja ya kuwasha yake. Baba mzima. Anatoka asubuhi na kofia yake ngumu kwapani kama kawaida, anarudi na vumbi la kutu kwenye nyusi. Amebakiza hadi Desemba astaafu, na Mama ameshaanza kuulizia mapazia mapya ya sebuleni kwa ajili ya wageni wa siku hiyo.

Sasa hiyo sauti. Unajua kwamba ofisi yetu ya wahandisi inanitaka niteremke na wakaguzi mara moja kwa mwezi. Tunapita kwenye kijia cha chuma kilichoning'inia chini ya barabara. Juu yako magari, chini yako mto. Baba anatangulia. Anagonga kila bolti, anasikiliza, anasema "nzima", anaitia alama ya chaki nyeupe, anasogea. Akisema mbovu, watu wanaitwa kuibadilisha siku hiyohiyo. Akisema nzima, hakuna anayerudi hapo hadi zamu ijayo. Ndivyo kazi inavyokwenda tangu daraja lifunguliwe, na hata mashine ya kupimia, inayoletwa kila baada ya miaka kadhaa, haijawahi kumpinga. Ndiyo maana wanamwita Mzee Nyundo.

Kwenye nguzo ya tatu aligonga bolti moja ikatoa mlio huo. Akaitia chaki.

Nikasema, "Baba, hiyo."

Akawa amekwisha kusogea. Nikamgusa bega.

"Hiyo uliyoipita."

"Nzima hiyo. Usinianzishie mambo ya chuo."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee Nyundo, huyu binti anakutafutia likizo." Baba naye akacheka, akaendelea mbele.

Nilimfuata hadi mwisho wa kijia nikitazama mgongo wake, na chaki ile nyeupe ikabaki nyuma yetu juu ya kitu nisichokuwa na hakika nacho. Labda mimi ndiye niliyesikia vibaya. Wewe umemjua kabla yangu. Je, kaka yako ana jambo linalomsumbua ambalo hanielezi?

Na kwa nini hushiki simu siku hizi? Nimepiga mpaka nimechoka.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umeniamkia katikati ya barua kama mtu aliyekumbuka kuvua viatu akiwa ameshafika sebuleni. Lakini nimeipokea, maana siku hizi hata hiyo ya katikati ni ya kutafuta.

Mimi nipo na cherehani zangu. Shule zinakaribia kufunguliwa, kwa hiyo nimezama kwenye sare hadi shingoni. Nikifumba macho naona kola. Msichana ninayemfundisha ushonaji ameshona mfuko wa shati kwa ndani. Nikamuuliza, "Huyu mtoto ataweka kalamu wapi, moyoni?" Tukafumua. Mwambie wifi yangu nimefurahi kuhusu goti, na kwamba mapazia asinunue ya rangi ya maziwa, yatamchosha kufua. Nitamshonea mimi.

Simu yangu usiitegemee. Huku mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Wewe andika. Barua naisoma mara tatu, na hakuna anayenikatiza.

Kuhusu hiyo bolti. Juu kuna malori, chini kuna maji, watu wanacheka, chuma kinalia kila upande. Mtu anaweza kusikia chochote hapo. Kaka yangu amelijua daraja hilo kabla hujajua kutembea. Alikuwa hapo siku wanapitisha gari la kwanza kutoka upande wa soko kwenda upande wa viwanda. Kabla ya hapo watu wa ng'ambo walikuwa ng'ambo kwelikweli. Kumzika ndugu ilikuwa safari ya kutwa. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikavuka kwa miguu. Usimvunjie heshima mbele ya wenzake kwa ajili ya mlio mmoja. Heshima ya mwanamume wa makamo ikishavunjika haifumuliwi ikashonwa upya.

Alikuwa amesimama upande gani wako ulipomwambia "hiyo"?

Kula vizuri. Ukianza kuwaza sana unasahau kula, najua.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na mara hii iko mlangoni.

Nyumbani salama. Mama anashukuru kwa mapazia na anauliza kama rangi ya kahawa itakufaa. Bomba la jikoni limepasuka, tumelifunga kwa mpira wa tairi hadi fundi apatikane. Mimi nakula.

Umeniuliza Baba alikuwa amesimama upande gani. Nimetembea na swali hilo kwa siku nyingi. Mtu anayeamini kwamba mlio ulimezwa na malori haulizi hilo. Alikuwa mbele yangu, mgongo kwangu, nami nilikuwa kushoto kwake.

Tangu hapo namtazama, na sipendi ninavyomtazama. Najiona kama askari aliyekaa mezani na familia yake. Mama hukaa kulia kwake siku zote. Nikisema jambo, Mama hulirudia kama mtu anayelionja: "Anasema bomba limepasuka, eh?" Ndipo Baba hujibu. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Sasa naona Mama amekuwa mkalimani wake, na wote watatu tunaongea lugha moja.

Kuna jingine. Zamani aligonga kwa mkono mmoja na ule mwingine ukashika kizuizi. Sasa anaweka vidole vya mkono wa pili juu ya nati kabla ya kugonga, kama daktari anayetafuta mapigo. Bolti iliyolegea hutetemeka tofauti, ni kweli, na kukiwa kimya vidole vinaweza kuijua. Lakini sisi tunakagua mchana, na magari yakijaa juu kila kitu hutetemeka, kibovu na kizima.

Nilirudi nguzo ya tatu na fundi mmoja tunayemwita Mrefu. Sikumwambia chochote. Nilimpa nyundo, nikamwomba agonge na kuzikumbuka zile ambazo mlio wake haumpendezi, kisha nami nikagonga za kwangu. Tulipolinganisha, zilikuwa zilezile, na hazikuwa moja. Zote zilikuwa na chaki ya Baba.

Mrefu akasema, "Mkubwa, mimi hapa sijafika." Akateremka ngazi bila kugeuka.

Nilikupigia simu Jumatano. Mara hii ulishika. Nilikuuliza, "Shangazi, mbona hukunijibu kuhusu Baba?" Ukasema, "Nzuri, nzuri, na huku mvua tele." Nikauliza tena. Ukasema nimsalimie Mama, ukakata. Mtandao ulikuwa safi. Nilisikia cherehani ya msichana wako ikisimama na kuanza.

Sitaki kukukosea adabu. Nauliza tu. Je, Baba anasikia? Na wewe?

Mwanao


20 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Labda posta, labda sare, labda mimi.

Mama hajambo. Mapazia ya rangi ya kahawa yamefika, yanapendeza, na ndani ya kifurushi nilitafuta hata kikaratasi, nikakuta uzi tu.

Mvua zimeharibu lile daraja jingine, la mbali kule chini ya mto. Limefungwa, na malori yote ya viwandani sasa yanapita kwetu, yamebeba saruji na vyuma, yamefuatana pua kwa mkia tangu asubuhi. Nikiwa ofisini naona vikombe vinatembea polepole mezani.

Nilikwenda kwa mhandisi mkuu. Nilimweleza kwamba kwenye nguzo ya tatu kuna bolti ambazo mlio wake si mzuri, na kwamba bolti chache zikikatika hapo, zile zinazobaki zitabeba mzigo usio wao, hasa na malori haya. Alinisikiliza kwa upole, akachezea kalamu.

"Mzee amesemaje?"

"Amesema nzima."

"Sasa?"

Nikasema labda zipimwe kwa mashine. Akasema mashine iko mji mwingine, kuileta ni kufunga njia, na kufunga njia wakati huu ni kuwaambia watu wa soko na wa viwanda wakae kila mtu kwake. "Siwezi kufunga daraja kwa sababu binti amebishana na baba yake. Nenda ukamalizane naye nyumbani, ukija na neno lake nitafunga leo hii."

Nilikwenda nikamalizana naye nyumbani. Alikuwa anakula. Mimi nilikuwa kwenye beseni, nimempa mgongo, naosha vikombe. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, nguzo ya tatu ina bolti zimekatika ndani." Sikusikia kijiko kikisimama. Mama ndiye aliyesema, "Baba yako amechoka, mwache ale." Nikageuka, nikamtazama, nikarudia maneno yaleyale. Hapo kijiko kikasimama.

"Nani kakuruhusu kuteremka bila mimi?"

"Hakuna."

"Nitazigonga mwenyewe kesho."

Alizigonga. Nilizipitia jioni yake. Zina chaki mpya juu ya ile ya zamani.

Unaona nilipofika. Nikisema bolti ni mbovu, yeye anasema nzima, na neno lake ndilo linaloaminika. Ili niaminiwe, sharti niseme kwa nini neno lake si la kuaminiwa tena. Kila asubuhi naamka na roho juu, nafungua dirisha kwanza kutazama kama bado liko.

Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao


5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tuzima. Msichana wangu ameanza kukata gauni peke yake na hajaharibu kitambaa tangu mwezi jana, isipokuwa kile alichoharibu. Nimepata mteja mpya, mke wa mwalimu, anataka kila vazi limwonyeshe mwembamba. Nimemwambia mimi ni fundi nguo tu, mengine amwombe Mungu.

Sasa niache kumumunya maneno.

Simu sisikii. Sikio la kushoto limekwenda kabisa, la kulia linafuata. Wateja nawasoma midomo, na wale wenye ndevu nawaambia waandike. Ulipopiga niliona jina lako kwenye simu, nikatamani sauti yako, nikashika. Nilisikia kama nyuki ndani ya chupa. Nikajibu yale ambayo watu huulizwa. Nilidhani nimekufa kiofisa, kumbe umeona.

Babu yako alianza hivyohivyo katika umri wetu. Alifikia kuketi kwenye kikao cha ndugu akitabasamu kila mtu anapotabasamu. Mimi na baba yako tulikuwa tukimtazama. Hatukuwahi kuliongelea hadi kaka alipokuja kunitembelea, mwaka ule ulipohitimu. Tulikaa hapa dukani, yeye akaongea, mimi nikaongea, kila mmoja akajibu kitu kingine, mpaka tukaanza kucheka. Tulicheka hadi tukashikana mikono. Kisha akasema, "Usimwambie mtu. Nina miaka michache tu ya kumaliza." Mimi nilikuwa mtoto mama yetu alipofariki, yeye aliacha kucheza na wenzake ili anipikie uji. Hajawahi kuniomba kitu kingine chochote. Ungekuwa mimi ungesemaje?

Kwa hiyo nami nakuomba, na sijawahi kukuomba. Ngoja. Desemba si mbali. Akishaondoka kwa heshima zake, siku ileile mwite mwenye mashine apime daraja lote, na hakuna atakayejua. Ukisema sasa, watafuata nyuma. Watauliza ni tangu lini, na kila chaki aliyoitia itaulizwa. Watamfanya mtu aliyewadanganya, na yeye hakudanganya; alidhani vidole vyake vinatosha. Mtu akizoea kazi hivyo hajui mahali inapomwacha mkono.

Daraja ni chuma. Litasubiri kidogo. Kaka yangu hana jingine.

Kuna swali naogopa kuliandika, lakini nani mwingine atakuuliza? Wewe unasikiaje, mwanangu?

Shangazi yako


23 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia mezani jikoni. Mama amelala mchana, jambo asilozoea, na redio imezimwa. Bomba limetengenezwa hatimaye. Fundi alicheka alipoona ule mpira wa tairi, akasema tungeuacha ungetuzika.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama posta, nikaisoma tena kwenye benchi la nje. Sehemu ya kucheka dukani nimeisoma zaidi ya nyingine. Sikujua Baba anaweza kucheka namna hiyo. Asante kwa kuniambia. Umeuliza ninavyosikia. Nitakwenda kupimwa, lakini si wiki hii, na kwa sasa sitaki tuliongee.

Acha nikueleze kwa mpangilio.

Jumapili iliyopita nilimwomba Baba tuteremke wawili tu. Nilichagua asubuhi ya mapema, kabla malori hayajaanza, kukiwa kimya. Nilidhani atakataa. Alichukua kofia yake, akatoka mbele. Njiani alinionyesha mahali pa kushika, kama alivyofanya siku yangu ya kwanza.

Kwenye nguzo ya tatu nilimwambia, nikiwa nimesimama pale anapouona mdomo wangu, "Baba, leo mimi nitagonga. Wewe weka mikono mfukoni, uniambie ipi mbovu."

Alinitazama muda mrefu. Akaweka mikono mfukoni.

Niligonga. Mbili zililia, mbili hazikulia, moja iliyofuata ikatoa mlio mbaya kuliko zote, hata ndege aliyekuwa juu ya boriti aliruka. Nilipomaliza nikageuka.

"Ipi?"

Akanitazama mdomo, kama vile jibu lingetoka hapo.

"Zote nzima," akasema.

Mto ulikuwa umejaa na wa kahawia, unakokota majani. Kisha akauliza, "Mama yako anajua kwamba unajua?"

"Anajua."

"Na mdogo wangu?"

Nikasema hujanijibu. Ilikuwa kweli siku hiyo.

Akaegemea kizuizi. "Nilikuwa nazisikia kwa vidole. Mwanzoni nilikuwa nazisikia vizuri tu." Akatoa mkono mfukoni, akautazama, akaurudisha. "Nilitaka kumaliza mwaka."

"Najua, Baba."

"Basi ningoje."

Yale uliyoniandikia, Shangazi, niliyasikia kwake kwanza, kwa neno moja. Gari la kwanza likapita juu, kijia chote kikatetemeka, akashtuka, na nikaelewa kwamba alilijua gari hilo kwa nyayo zake. Tulipanda juu. Alikuwa nyuma yangu, na mara moja tu alinishika kiwiko ngazi ilipoteleza.

Mashine ilifika juzi. Malori wameyazuia, yanapanga foleni hadi soko la samaki na madereva wanatutukana kwa majina yetu yote. Magari madogo yanapita upande mmoja tu. Waliofungua bolti za nguzo ya tatu wametoa baadhi zikiwa vipande viwili. Nilishika kimoja, kutu ilikuwa imeingia hadi katikati. Mhandisi mkuu ananisalimia sasa kwa kusimama, na hilo linanichefua. Ameagiza kwamba kuanzia sasa kila bolti isikilizwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kabla ya kutiwa chaki. Chaki zote za Baba za miaka hii zinarudiwa, kama ulivyosema zitarudiwa.

Baba yuko nyumbani. Wamempa likizo, wamekataa kuiita kitu kingine. Anakula. Anamsemesha Mama. Mimi hanisemeshi, na nikiingia sebuleni anatazama dirishani ili asiuone mdomo wangu. Mrefu alikuja kumsalimia jana, wakakaa kimya saa nzima, na alipotoka akaniambia mlangoni, "Mkubwa, ulifanya sawa. Lakini mimi nisingeweza." Sijui kama ni sifa.

Utanikasirikia, na ni haki yako. Umenisihi ningoje, umenisihi kama hujawahi kunisihi, na ningependa kukuambia kwamba nililipima ombi lako kabla ya kukata shauri. Lakini barua yako ilinikuta nimeshafanya. Ningeipata mapema nadhani ningelia zaidi, na nadhani ningekwenda hivyohivyo, kwa sababu watu wanavuka, Shangazi, kutwa wanavuka, na hakuna hata mmoja wao aliyekubali kungoja Desemba pamoja nasi.

Ilikuwa Jumatatu, siku moja baada ya Baba kuniomba. Nilimkuta mhandisi mkuu anafunga mwavuli. Nilisema nimekuja kuhusu nguzo ya tatu, naye akauliza, kama nilivyojua atauliza, Mzee amesemaje. Nikamwambia baba yangu hasikii. Alidhani hajanielewa. Akafunga mlango, akaniomba nirudie, nami nikarudia.

Mwanao